Ndege moja, mahakama mbili: ufilisi wa Jet Airways kati ya Haarlem na Mumbai

Tarehe 10 Aprili 2019 Boeing 777 ya shirika la India, Jet Airways, ilikuwa imeegeshwa uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ikisubiri kurudi Mumbai. Haikuondoka. Kampuni ya Ulaya iliyokuwa ikilihudumia shirika hilo upande wa mizigo ilikuwa haijalipwa, ikaikamata ndege. Wiki moja baadaye, tarehe 17, Jet ikasitisha safari zote, za ndani na za nje. Ndege ikabaki Uholanzi bila shirika la kuirusha, na mabishano juu yake yakazaa mojawapo ya visa vyenye mafunzo zaidi vya ufilisi unaovuka mipaka katika miaka ya karibuni.

Kwa msomaji wa Tanzania, ndege kuzuiwa ugenini kwa sababu ya deni si habari ngeni. Agosti mwaka huohuo Airbus A220 ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa siku kadhaa kabla mahakama haijaiachia. Lakini visa hivi viwili visichanganywe. Johannesburg alikuwako mdai anayemfukuzia mdaiwa ambaye bado yuko kazini, na swali lilikuwa kama ana haki ya kuishika mali ile au hana. Kwa Jet, mdaiwa mwenyewe alikuwa ameishiwa. Maelfu ya watu walikuwa wanamdai kwa pamoja: benki, marubani, wauza mafuta, wenye tiketi. Hapo sheria huacha kuuliza nani amewahi kufika, ikaanza kuuliza mali iliyobaki igawanywe vipi na nani asimamie mgawo. Ugumu ni kwamba kila nchi ina jibu lake kwa maswali hayo, na mali ilikuwa imekaa katika zaidi ya nchi moja.

Jet ilianza kuruka tarehe 5 Mei 1993, India ilipokuwa inafungua anga lake kwa mashirika binafsi, chini ya Naresh Goyal. Mwaka 2013 Etihad ya Abu Dhabi ilinunua asilimia 24 ya hisa zake. Machi 2016 Jet ilihamisha kituo chake cha Ulaya kutoka Brussels kwenda Amsterdam. Wakati ule ulikuwa uamuzi wa kibiashara tu, wa kuunganisha abiria na washirika wake pale Schiphol. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja ungeamua mahakama ipi ina mamlaka juu ya kampuni. Kufikia Machi 2019, Goyal alipojiuzulu kwenye bodi, deni la mabenki peke yake lilikuwa limepita rupia bilioni 80, na kundi la benki hizo liliongozwa na State Bank of India. Ndege nyingi za Jet zilikuwa za kukodi. Wenye nazo walipoona malipo hayaji, waliomba ziondolewe kwenye daftari la usajili la India, wakazichukua. Ndiyo maana ndege moja iliyokwama Schiphol ilikuwa na uzito kuliko mtu angetarajia kwa shirika lililokuwa na zaidi ya ndege mia moja: ilikuwa sehemu ya kile kidogo kilichobaki.

Benki za India hazikwenda mahakamani mara moja. Baada ya 17 Aprili walitumia wiki kadhaa wakitafuta mnunuzi nje ya mahakama. Unaweza kuwaelewa, kwa kuwa shirika la ndege likishatangazwa mufilisi thamani yake huporomoka kwa kasi, na nafasi zake za kutua viwanjani hugawiwa wengine. Ila wiki hizo ziliacha mlango wazi, na walioingia kupitia mlango huo walikuwa wadai wawili wa Ulaya, H. Esser Finance Company na Wallenborn Transport.

Sheria ya ufilisi ya Uholanzi ni ya mwaka 1893, imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Inasema kwamba mdaiwa ambaye makazi yake hayako Uholanzi, lakini anafanya biashara huko, anaweza kutangazwa mufilisi na mahakama ya eneo ambalo ana ofisi. Jet ilikuwa na ofisi Schiphol, na Schiphol iko ndani ya eneo la mahakama ya wilaya ya Noord-Holland, inayokaa Haarlem. Hapo ndipo uhamisho wa 2016 ulipoleta matokeo yake. Sheria hiyo pia inadai kuwe na wadai zaidi ya mmoja, kwa hoja kwamba ufilisi ni utaratibu wa wadai kwa ujumla wao, haukutengenezwa kuwa fimbo ya mtu mmoja kudaia chake. Wakiwa wawili, sharti likatimia. Tarehe 21 Mei 2019 mahakama ikaitangaza Jet kuwa mufilisi, ikamteua wakili Rocco Mulder kuwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya mufilisi, chini ya usimamizi wa jaji.

Kuna jambo hapa ambalo waandishi wengi wa habari walilipita. Chini ya sheria ya Uholanzi, ufilisi ukitangazwa, ukamataji wa mali uliofanywa na mdai mmojammoja unakufa, na mali inaingia kwenye fungu la wote chini ya mfilisi. Kwa hiyo si kweli kwamba wadai wa Ulaya walitumia Haarlem kuinyakua ndege. Kisheria ilikuwa kinyume chake, maana ndege ilitoka mikononi mwa aliyeikamata ikawa dhamana ya kundi zima. Kilichobaki bila jibu ni kundi lipi hilo. Ni wadai wa Jet waliofika Haarlem peke yao, au wadai wa Jet popote walipo, pamoja na mhudumu wa ndege wa Chennai ambaye hajalipwa mshahara?

Nchini India mambo yalianza kwenda haraka katikati ya Juni. State Bank of India ilipeleka maombi kwenye Baraza la Taifa la Sheria za Kampuni, NCLT, tawi la Mumbai, chini ya kanuni ya ufilisi ya mwaka 2016. Mfilisi wa Haarlem hakukaa kimya. Aliwakilishwa mbele ya baraza na kueleza kwamba tayari kuna shauri la ufilisi Uholanzi juu ya kampuni hiyohiyo. Tarehe 20 Juni 2019 baraza liliyapokea maombi ya benki, likamteua Ashish Chhauchharia kuwa msimamizi, na likaelekeza mchakato uharakishwe kwa kuwa ni jambo lenye uzito wa kitaifa. Kuhusu Haarlem, baraza lilikuwa na maneno makali: amri ya mahakama ile ya nje ni batili tangu mwanzo.

Ukiisoma sheria kama ilivyoandikwa, baraza halikuwa limepotoka. Kanuni ya India ina vifungu viwili tu kuhusu ufilisi wa nje, cha 234 na cha 235. Cha kwanza kinairuhusu serikali kufunga mkataba na nchi nyingine ili kanuni hiyo itumike kwa mali zilizo huko. Cha pili kinamruhusu msimamizi kuomba baraza liandike barua kwa mahakama ya nchi hiyo kuomba msaada. Vyote viwili vinategemea mkataba uwepo, na India haikuwa imefunga mkataba wa namna hiyo na Uholanzi wala na nchi nyingine yoyote. Baraza likaona kwamba kwa kuwa sheria haijaweka njia ya kuitambua amri ya Haarlem, basi amri hiyo haipo.

Hapo ndipo nadhani lilikosea, na kosa lenyewe ni la kimantiki zaidi ya la kisheria. Kutokuwa na njia ya kuitambua amri ya nje maana yake ni kwamba amri hiyo haina nguvu India. Haimaanishi kwamba haina nguvu Uholanzi, na ndege ilikuwa Uholanzi. Mumbai ingeweza kuandika neno "batili" mara mia na mlinzi wa Schiphol angeendelea kumsikiliza Mulder. Tena tamko hilo lilikuwa na gharama: mtu uliyekwisha kumwambia kwamba kazi yake haipo, utamwombaje kesho akukabidhi mali na nyaraka?

Haarlem nayo haikuwa na sheria ya kuitambua Mumbai kirahisi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni yao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika 26 Juni 2017, ambayo inamaliza tatizo hili kati yao. Shauri hufunguliwa pale kilipo kitovu cha maslahi makuu ya mdaiwa, yaani mahali anapoendeshea biashara yake hasa, na amri ya mahakama hiyo inatambuliwa katika nchi nyingine za umoja, isipokuwa Denmark, bila maombi mapya. Jet ingekuwa shirika la Ubelgiji, kisa hiki kisingekuwapo. Ila kitovu cha Jet kilikuwa Mumbai, nje ya Ulaya, na kanuni ile haigusi mdaiwa wa namna hiyo. Uholanzi inarudi kwenye sheria yake ya kienyeji, ambayo msimamo wake wa zamani ni kwamba ufilisi wa nje unaishia mpakani. Mahakama Kuu ya Uholanzi ililegeza msimamo huo Septemba 2013 katika shauri la Yukos, kampuni ya mafuta ya Urusi, iliposema kwamba mfilisi wa nje anaweza kusimamia na hata kuuza mali ya mdaiwa iliyoko Uholanzi ikiwa sheria ya kwao inampa uwezo huo. Sharti ni kwamba asiwaondolee wadai haki yao ya kukamata mali hiyo. Kwa Jet, tatizo lilikuwa kwamba wadai walikwishatangulia, na tena kulikuwa na mfilisi wa Kiholanzi aliyeshika kiti.

Hivyo basi pande mbili zilitazamana. Mulder alikuwa na ndege, na hakuwa na kampuni: vitabu vya hesabu, leseni, jina la biashara, orodha ya wadai na watu wanaojua historia ya kila mkataba vilikuwa Mumbai. Hata karatasi za ndege, ambazo bila hizo hakuna mnunuzi makini atakayeikaribia, zilihitaji ushirikiano wa India. Chhauchharia alikuwa na hivyo vyote, ila mali ya nje iliyo muhimu hakuweza kuigusa. Kila mmoja alishika nusu ambayo peke yake haina bei. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kisa chote. Utambuzi uliokuja baadaye ulitokana na hesabu hii. Heshima kati ya mahakama ilitajwa sana kwenye hoja za mawakili, lakini heshima hiyo ilikuwapo pia tarehe 20 Juni na haikusaidia kitu.

Mfilisi alikata rufaa kwenye baraza la rufaa, NCLAT, jijini Delhi. Ni jambo la kushangaza kidogo ukilifikiria, kwamba ofisa wa mahakama ambayo India imesema amri yake haipo anasimama mbele ya baraza la India kama mrufani na kusikilizwa. Chini ya Jaji S. J. Mukhopadhaya, baraza hilo halikujikita kwenye mjadala wa kama Haarlem ni halali au la. Liliwaelekeza Mulder na Chhauchharia wakae na waone kama wanaweza kufanya kazi pamoja, na katika kipindi hicho mali za nje zisiuzwe. Wakaandika makubaliano, wakayapeleka kwa jaji msimamizi wa Uholanzi na kwa NCLAT. Tarehe 26 Septemba 2019 NCLAT ikayapitisha na kulifuta tamko la Mumbai kwamba Haarlem ni batili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa India kuwa na hati ya aina hii.

Hati hizi huitwa itifaki, na zina historia. Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, alipofariki Novemba 1991, kampuni yake ya Maxwell Communication Corporation ilijikuta Desemba mwaka huo ikiwa na shauri New York na jingine London, kila moja likidai kampuni nzima. Jaji Tina Brozman wa New York na Jaji Leonard Hoffmann wa London hawakuwa na sheria ya kuwaunganisha. Walichofanya ni kuwahimiza wasimamizi wa pande mbili waandike makubaliano ya nani anafanya nini, na mahakama zote mbili zikayaidhinisha kati ya mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992. Wasimamizi wa Jet walikuwa wanapita njia iliyokwisha kukanyagwa, ingawa kwa India ilikuwa mpya kabisa.

Itifaki ya Jet ilikiri kwamba Jet ni kampuni ya India na kitovu cha maslahi yake makuu ni India. Shauri la Mumbai kwa hiyo ndilo kuu, na la Haarlem ni la pili, lenye kuhusu mali zilizo Uholanzi. Kila mahakama ilibaki huru juu ya jambo lililo mbele yake. Wasimamizi wawili waliahidi kupeana taarifa, kutunza mali, na kutochukua hatua kubwa bila kushauriana. Mfilisi wa Kiholanzi alipewa nafasi ya kuhudhuria mikutano ya kamati ya wadai ya India kama mtazamaji, bila kura. Kipengele hiki cha mwisho kilikuwa na ubishi wake, na naona kilikuwa cha busara. Kura katika kamati ile inakwenda kwa uzito wa mikopo, na mfilisi hakuwa amekopesha mtu. Alichohitaji kilikuwa kusikia mapema benki zinapanga nini, asije akasoma gazetini.

Maneno ya itifaki, "kitovu cha maslahi makuu" na "shauri kuu", yametoka moja kwa moja kwenye Sheria ya Mfano ya UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, iliyopitishwa Mei 1997. Wakati ule si India wala Uholanzi iliyokuwa imeiingiza katika sheria zake. Wasimamizi waliiazima kama lugha ya pamoja. Hiyo Sheria ya Mfano si mkataba. Ni rasimu ambayo kila bunge linaweza kuichukua na kuifanya sheria yake, kama walivyofanya Japani, Marekani, Uingereza na wengine. Inachofanya ni kumpa msimamizi wa nje mlango wa mahakama ya nchi husika. Anakwenda na nakala ya amri iliyomteua, mahakama inapima kama shauri lake ni kuu au si kuu, na likiwa kuu, hatua za wadai mmojammoja dhidi ya mali ya mdaiwa nchini humo zinasimama papo hapo.

Tangu 2019 karibu kila makala kuhusu Jet imehitimisha kwamba India ingekuwa na Sheria ya Mfano, mgogoro huu usingetokea. Sikubaliani nayo kikamilifu, na hapa inafaa tukae kidogo.

Kwanza, sheria ya India isingetumika Schiphol. Ambayo ingehitajika ni sheria ya Uholanzi. Watu husahau kwamba kuingiza Sheria ya Mfano kunawafungulia mlango wageni wanaokuja kwako, na wewe ukienda kwao unategemea mlango wao. India ingekuwa nayo, Mumbai ingekuwa na njia ya kumpokea Mulder badala ya kumfukuza, na hilo si dogo. Ndege ingebaki ilipo.

Pili, tuchukulie kwamba Uholanzi ndiyo ingekuwa nayo. Msimamizi wa India anafika Haarlem mwisho wa Juni, na shauri la Haarlem limefunguliwa tangu 21 Mei. Sheria ya Mfano inatambua hali hii. Inaruhusu shauri la ndani kuendelea juu ya mali za ndani hata pale ambapo kuna shauri kuu nje. Na kama la ndani lilitangulia, ile amri ya papo hapo ya kusimamisha kila kitu haitokei, na msaada wowote anaopewa mgeni lazima uendane na shauri la ndani. Kwa maneno mengine, kwa ratiba ile ya 2019, Chhauchharia asingeondoka Haarlem na ndege. Angeondoka na haki ya kukaa mezani na Mulder, yaani karibu kilekile alichokipata kwa itifaki.

Kilichompokonya Chhauchharia nafasi nzuri zaidi kilikuwa kalenda. Benki zingefungua shauri Mumbai mwezi Aprili, mara tu ndege ziliposimama, picha ingekuwa tofauti hata chini ya sheria iliyopo ya Uholanzi, kwa kuwa msimamizi wa India angeweza kujaribu hoja ya Yukos kabla hakujawa na mfilisi wa Kiholanzi. Asingekuwa na uhakika wa kushinda, maana ukamataji ulikwishafanyika. Ila angekuwa na hoja.

Palipokuwa na pengo la kweli ni kwenye mgawo. Sheria ya Mfano ina kanuni nzuri kwa hili, na haina mbwembwe: mdai aliyekwisha kulipwa sehemu ya deni lake katika nchi moja halipwi tena katika nchi nyingine mpaka wenzake wa daraja lake wafikie pale alipo. Mdai wa mizigo akipata asilimia 10 Haarlem, Mumbai anasubiri mpaka wengine kama yeye wapate 10, halafu wanaendelea sawa. Bila kanuni kama hiyo, mwenye mawakili katika nchi mbili anakula mara mbili, na mfanyakazi asiyejua hata Haarlem iko wapi anakula kinachobaki. Itifaki inaweza kuweka kanuni hii kati ya wasimamizi, lakini inapata nguvu yake kutoka kwa mahakama zilizoiidhinisha, na mdai asiyehusika nayo anaweza kuipinga. Sheria haipingiki hivyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: hali yetu si moja. Kenya iliingiza Sheria ya Mfano katika Sheria ya Ufilisi ya 2015, kwa kifungu cha 720 na jedwali la tano. Uganda ina sehemu ya ufilisi unaovuka mipaka katika sheria yake ya 2011. Kongo, kwa kuwa ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa kuoanisha sheria za biashara, inafuata sheria ya pamoja ya ufilisi ya umoja huo, ambayo marekebisho yake ya 2015 yaliingiza mfumo huohuo. Kwa hiyo ndege kama ile ingekwama Jomo Kenyatta na shauri la India likawa la kwanza kufunguliwa, msimamizi angekwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, angethibitisha kwamba makao ya kampuni yaliyosajiliwa ni Mumbai, na kwa kuwa makao hayo yanachukuliwa kuwa ndiyo kitovu mpaka mtu athibitishe vinginevyo, angekuwa na nafasi kubwa ya kupata amri ya kuwazuia wadai. Jambo la kushangaza ni kwamba Nairobi ingemtendea msimamizi wa India vizuri kuliko India ingemtendea mfilisi wa Nairobi.

Turudi kwa Jet. Je, itifaki ilifanya kazi? Kwa lengo lake lililo finyu, naona ilifanya. Mahakama mbili hazikugongana tena. Januari 2020 yalifikiwa makubaliano yenye masharti na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, kuhusu biashara ya Jet nchini Uholanzi, na hayo yasingewezekana kama msimamizi na mfilisi wangekuwa bado wanapingana mahakamani.

Kulinusuru shirika ni jambo jingine, na halikufanikiwa. Oktoba 2020 kamati ya wadai ilipitisha mpango wa wawekezaji Murari Lal Jalan na Florian Fritsch wa kulifufua shirika, na NCLT ikauidhinisha Juni 2021. Kilichofuata ni miaka mitatu ya kuvutana juu ya nani alipaswa kulipa nini kwanza, leseni na nafasi za viwanjani zipatikane lini, na kama dhamana ya benki ya rupia bilioni 1.5 inaweza kuhesabiwa kama sehemu ya malipo. NCLAT ilisema inaweza. Tarehe 7 Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya India ikasema haiwezi, ikatumia mamlaka yake maalumu ya ibara ya 142 ya katiba na kuamuru Jet ifilisiwe moja kwa moja. Hakuna sehemu ya kushindwa huko inayoweza kutwishwa Haarlem. Huu ulikuwa ugonjwa wa ndani kabisa.

Udhaifu wa uamuzi wa Septemba 2019 uko kwingine. NCLAT haikueleza kwa kina ilipata wapi mamlaka ya kuidhinisha itifaki wakati sheria imenyamaza. Mtu anaweza kukisia kwamba ilijiegemeza kwenye uwezo wa asili wa baraza kutoa amri zinazohitajika ili haki itendeke. Kukisia hakumsaidii wakili wa kesi inayofuata, ambaye itabidi alishawishi baraza jingine upya, na huenda upande wa pili asikutane na mtu kama Mulder aliye tayari kukaa mezani. Itifaki inahitaji watu wawili wenye nia, na nia haiamriwi.

Kamati ya sheria ya ufilisi ya India ilishapendekeza Oktoba 2018, miezi kadhaa kabla Jet haijaanguka, kwamba nchi iingize Sheria ya Mfano, ikaandaa na rasimu yake. Rasimu hiyo ilikaa. Agosti 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha kanuni ya ufilisi, ukiwa na kipengele kinachoipa serikali uwezo wa kutunga kanuni za ufilisi unaovuka mipaka. La kuangalia hapo ni sharti moja lililokuwemo kwenye pendekezo la 2018: kwamba kwa kuanzia India itambue mashauri ya zile nchi tu ambazo nazo zimeiingiza Sheria ya Mfano. Afrika Kusini ilipitisha sheria yake mwaka 2000 ikiwa na sharti la nipe nikupe la aina hiyo, kwamba itatumika kwa nchi zitakazotajwa na waziri, na hakuna nchi iliyotajwa, kwa hiyo sheria imekaa kitabuni bila kazi. Kanuni za India zikibeba sharti kama hilo, Uholanzi haitakuwamo, na wasimamizi wa kesi inayofanana na Jet watalazimika kuandika itifaki yao kuanzia ukurasa wa kwanza.